Gari Lisilofika Getini

Gari liliserereka kutoka barazani, likayumba, likaishiwa nguvu kabla ya kufika getini. Vicent alicheka hadi akakohoa.

"Kobe huyo! Na kesho ndiyo mavuno. Unataka washarika wote wanicheke?"

Redempta aliliokota. Lilikuwa gari dogo la mninga, bapa kama kandambili, na magurudumu ya mbao aliyoyasugua kwa msasa mpaka yakateleza. Halikuwa na injini wala betri; mteremko ndio uliokuwa dereva. Kila sikukuu ya mavuno, kanisani kwao Kibaha, magari ya namna hiyo yalishindanishwa, na kombe la mshindi Vicent alikuwa akiliota hata mchana.

Redempta alitaka kitu kimoja tu: kwenda Maneromango kumwona mama yake, aliyekuwa hoi kitandani. Lakini Vicent, mumewe, alimfungia ndani, eti wezi wamezidi. Simu alishamnyang'anya. Geti lilipigwa kufuli hata yeye mwenyewe akiwa nyumbani, na funguo zilikaa mfukoni mwake. Bernard, kaka yake Redempta, alipokuja kumfuata, aliishia kuongea na tundu la geti, lile la kupitishia mkono kufikia kufuli, kisha akafukuzwa kama mbwa.

"Likishinda, utaniruhusu niende kwa mama?"

"Likishinda, tutaona."

Hiyo tutaona alikuwa anaijua. Vicent akaingia ndani kunywa chai.

Redempta alibaki barazani. Alipaka nta ya mshumaa kwenye vyuma vya magurudumu, akanyunyizia unga wa risasi ya penseli aliokuwa ameuficha kwenye kopo la chumvi. Kuku walipenya chini ya geti kwenda kuparua nje. Aliwaonea wivu, kuku wale.

Barabarani alipita Laurensia, muuza nyanya wa pale bondeni, akinadi kwa sauti kubwa.

"Nyanyaa! Leo za Maneromango, zimeingia asubuhi hii!"

Redempta akasimama; neno Maneromango ndilo alilokuwa akilisubiri. "Mume wangu, hebu njoo. Naona kinachokosekana ni uzito wa nyuma."

"Si nilikwambia ni jepesi?" Vicent alitoka na kikombe mkononi. "Wewe kazi yako kubisha."

Redempta alijaribu kokoto, likadondoka. Akajaribu nati, gari likalalia upande. Vicent alishindwa kuvumilia.

"Mikono ya kupikia hiyo! Lete hapa."

Alichomoa funguo mfukoni, akazilaza kwenye kishimo kilichochongwa nyuma ya gari. Zilitoshea sawasawa. Akazifunga kwa mpira, akaliachia.

Safari hii halikuyumba. Lilikata uwanja, likapenya chini ya geti pale wanapopita kuku, likashika mteremko wa nje.

"Umeona!" Vicent aliruka, chai ikamwagika. "Hilo ndilo gari!"

Kisha akapapasa mfuko.

"Laurensia!" aliita. "Hebu tuokotee hilo gari!"

Mara mkono ukaingia kwenye tundu la geti, mkono wa kiume, ukachagua ufunguo, na kufuli likalia.

"Hodi, shemeji," ilisema sauti ya Bernard.

Vicent aligeuka kumtazama mkewe. Redempta alikuwa ameshavaa viatu, mkoba begani.