Kadi ya Harusi Kati ya Gia

Wallahi, haya ni kweli tupu, sijaongeza hata nukta. Yametokea kule Ganjoni, kwa watu ambao nyinyi wa Mji wa Kale hamwajui, na majina nimeyabadilisha wasione haya. Dzoro, nawe acha kugonga vikombe vya kahawa, baraza lisikie.

Gia ilikuwa inaning'inia mlangoni pa duka la Hamdan.

Ilikuwa gia ya plastiki, ndogo kama kifungo cha koti, imekwisha meno upande mmoja. Hamdan aliitunga kwenye uzi akaitundika juu ya mizani. Kila mteja aliyeuliza alijibiwa, "Hayo ni meno ya Sheikhan. Mwenyewe kabakiwa na ufizi."

Sheikhan, mstaafu wa bandarini, na Hamdan muuza duka walikuwa na ugonjwa mmoja: vigari vya rimoti, vile viendavyo mbio mpaka paka wakapanda ukutani. Kila Jumapili baada ya alasiri walivishindanisha uwanjani nyuma ya magorofa. Jumapili moja kigari cha Sheikhan kilikatika meno ya gia mbele ya wakwe zake. Hamdan akainama, akaiokota ile gia, akaondoka nayo akicheka.

Sheikhan alikwenda kwake akapigilia msumari mlangoni, mtupu, akawa anautazama kila atokapo. Ulikuwa unangoja gia ya Hamdan.

Kwanza alijifunza kuyalinda meno yake. Gia ndogo ya mota na gia kubwa ya magurudumu hazitaki kubanana, wala hazitaki kuachana. Zikibanana husagana; zikiachana hushikana kwa ncha tu, na ncha hukatika. Dawa yake ni kipande cha gazeti. Unakitia kati ya gia mbili, unazisukuma zikibane, unakaza skrubu za mota, kisha unakitoa. Nafasi inayobaki ni unene wa gazeti, na hiyo ndiyo inayotakiwa. Sheikhan aliifanya kazi hiyo mezani kwa bisibisi ya cherehani, aliyoazima kwa mkewe Mona, mshona mabuibui. Mona alisimama nyuma yake akimwangalia. Kigari kikawa kinateleza kimya kama kisu katika halua.

Kisha Sheikhan akamwalika Hamdan kula kaimati.

"Nimekusamehe," alimwambia. "Ila nakuonea huruma. Hiyo mota yako mpya ina nguvu mno. Ukiweka gazeti, gia itakufa. Wanaojua hutumia kadi ya harusi."

"Kadi ya harusi?"

"Ile nene, ya maandishi ya dhahabu. Mota kubwa inataka kupumua."

Hamdan alisita, kaimati shavuni. "Mbona wanipa siri, yakhe?"

"Tumezeeka. Tukifa na chuki, nani atatuosha?"

Akampa kadi ya harusi ya Hanin, binti wa jirani. Mona akaja na sahani ya pili kutoka jikoni, machozi yakimlengalenga kwa kuwaona wamepatana. Hamdan aliitia kadi mfukoni mwa kanzu, akashukuru, akaenda zake. Sheikhan naye akatoka nje kuupangusa msumari.

Jumapili iliyofuata watu walijaa. Sheikhan alikiongoza kigari chake bila kukitazama sana; macho yake yote yalikuwa kwa kile cha Hamdan. Alitaka kukiona kikifa. Kona ya kwanza hakikufa, wala ya pili. Walipoingia kwenye mstari mrefu ukasikika mlio kama wa mtu anayetafuna changarawe. Sheikhan akatabasamu kwa meno yake yote yaliyosalia, akageuka kuwatazama watu wamwone anavyotabasamu.

Alipogeuka tena, kigari cha Hamdan kilikuwa bado kinakwenda.

Cha Sheikhan ndicho kilichosimama, mota inalia na magurudumu hayageuki.

"Ile kadi," Sheikhan alimuuliza Hamdan. "Hukuitumia?"

"Astaghfirullah. Juu imeandikwa Bismillahi, niikate niisokomeze kwenye grisi? Nimeihifadhi ndani ya msahafu. Nimetumia gazeti langu la siku zote." Hamdan akainama, akaichomoa gia iliyokatika, akaipuliza vumbi. "Hii itakwenda kukaa na dada yake."

Sheikhan alirudi nyumbani. Gazeti halidanganyi, na yeye skrubu alizikaza mwenyewe. Alikifungua kigari juu ya meza. Mota ilikuwa imesogezwa, gia mbili zimeachana mpaka mwanga unapita.

"Kuna mtu amekigusa kigari hiki," alinguruma. "Hamdan amemtuma mtu ndani ya nyumba yangu. Nikimjua, Ganjoni hakutamtosha."

Mona akaacha kushona. Alivuta mtoto wa meza ya cherehani, akatoa kipande cha kadi nene, ile aliyoalikwa yeye harusini kwa Hanin, kimekatwa kwa uangalifu upande usio na maandishi, ukingoni kina alama za meno ya gia.

"Si Hamdan. Nilikusikia ukimfundisha mwenzako kitu kizuri," akaniambia, "nikaona wewe mwenyewe umejisahau, umeweka gazeti."

Baraza zima likanigeukia. Dzoro akalitua dele la kahawa.

"Umesema 'akaniambia'. Akamwambia nani, mzee?"

Nikakitazama kikombe changu.

"Wamiminie wote," nikasema. "Ya leo natoa mimi."