Jina la Kanga

Krap, krap, mkasi ulisikika gizani kabla hakujapambazuka. Mwantumu alikuwa akikata karatasi ngumu ya kupigia jina kwenye kanga hamsini za sare ya sherehe ya mji. Mweka hazina wa mji aliagiza ziandikwe "Asante kwa Wodi ya Wazazi".

Wodi yenyewe ilikuwa msingi uliomea majani. Mji ulikopa kwa hati fungani ili uijenge, walipa kodi watalipa miaka ishirini, na mwaka jana Mwantumu alijifungulia juu ya mkokoteni. Mtoto hakulia. Alipokwenda kuuliza hesabu, mweka hazina alicheka.

"Mama, hati fungani si mapishi. Nenda kalee."

Taarifa ya deni mweka hazina aliibandika ubaoni Jumapili, ofisi zimefungwa, akaibandua Jumatatu alfajiri. Hakujua kwamba Mwantumu, aliyejifunza kusoma katika masomo ya jioni, alishapita na kalamu akaziandika tarakimu.

Siku ya sherehe, mweka hazina aliposhika kipaza sauti, wanawake hamsini wenye sare waliinuka wakampa migongo, maana jina la kanga husomwa kwa nyuma: "Deni 9,000,000,000. Wodi iko wapi?"

"Nani kaandika upuuzi huu?" akafoka.

"Soma vizuri, baba, usiruke sifuri!" mmoja akamchokoza. Vicheko vikapasuka. Mwantumu aligeuza shingo akalitazama jasho la yule bwana, likamburudisha kama maji ya mtungi.

"Nimeuliza, nani?"

Binti wa Mwantumu, wa miaka mitano, akapanda juu ya benchi.

"Ameandika mama yangu."