Maji ya Mtaroni

Haya alinisimulia Mwanakombo juzi, tukichambua mchele.

Kidonda cha Makame kilikuwa kimeshinda kila dawa, na mguu umebaki wa kukatwa. Daktari akampa mkewe, Bi Tatu, kichupa cha maji.

"Humu mna wadudu wasioonekana, wanaokula wadudu wa kidonda. Tumewatoa kwenye maji ya mtaro, tukawasafisha. Mmwagie."

Bi Tatu aliduwaa. Maji ya mtaro, mwilini mwa mume wake! Kwao hata maji ya kisima hayamgusi mgonjwa kabla ya kuchemka. Akayachemsha yakatokota, yakapoa, ndipo akammwagia.

Daktari aliporudi aliiona sufuria. "Mama, umewaua!"

"Nimewaua nani tena, baba? Si nimeyasafisha!"

"Wadudu wetu wote. Itabidi tutafute wengine mtaroni, tukiwahi."

Bi Tatu alishika kichwa. Kisha akajifunga kanga kiunoni, akachukua kopo, akaingia mtaroni mchana kweupe, maji meusi yakamfika magotini.

"Bi Tatu, umerogwa?" majirani wakamzomea.

"Natafuta dawa! Nichekeni mkishiba."

Daktari akaondoka na kopo, akawatafute humo wadudu wengine. Makame alikwisha kusinzia. Bi Tatu akakaa sakafuni, akaukumbatia ule mguu kama mtu anayemzuilia mwizi, na usingizi ukamchukua hivyo hivyo, na tope lake.