Rukuu Ndefu

Kwa miaka saba, hakuna mwanamke msikitini aliyekaa kwenye rukuu muda mrefu kama Bi Zamoyoni. Akisimama wima, uti wa mgongo ulibana mishipa ya fahamu na miguu ikawaka moto. Akiinama, maumivu yalinyamaza. Aliwaambia wenzake ni mgongo; wakasema walii wa Mungu hujificha, wakawa wanamletea watoto awaombee dua.

Ijumaa moja, miezi mitatu baada ya kupasuliwa mgongo, alisali sunna, akarukuu kama watu wengine, akainuka.

"Shoga, daktari kakukata mgongo au imani?" Bi Shufaa aliuliza, na wenzake wakacheka.

"Shufaa, unasali ubavuni mwangu. Mara ngapi nilikwambia naungua?"

"Nikadhani unyenyekevu, dada."

"Nikisimama nilikuwa nalia. Machozi yakidondoka mkekani, wewe unayapangusa kwa kidole unampaka mjukuu wako kwenye paji la uso."

Kicheko kikakatika. Bi Zamoyoni aliwapa mgongo kwa hasira, akaanza sala nyingine. Wenzake walimaliza zao, wakavaa viatu, wakamngoja mlangoni. Bado alikuwa amesimama, amenyooka, na hakuna aliyethubutu kuondoka kabla hajarukuu.