Mstari wa Chini Kabisa

Dirisha la tatu nalo likafungwa usoni mwake. Mama hakusogea. Alibisha kwa ukucha, kisha kwa kiganja, mpaka pazia likafunguka na karani wa malalamiko akatoa nusu uso.

"Mama, si nimekwambia uende ghorofani?"

"Ghorofani wamenirudisha maabara, maabara wamenirudisha kwako. Tangu asubuhi nazungushwa kama pia. Leo sitoki hapa."

Akasukuma karatasi chini ya kioo. Ilikuwa fomu ya utafiti wa dawa mpya ya pumu ya watoto. Jirani yake, asiyejua kusoma, alikuwa amemletea jana amsomee kabla hajaitia saini. Mtoto wa jirani huyo alitakiwa aanze kuinywa dawa hiyo Jumatatu. Mstari wa chini kabisa, wenye maandishi madogo kama sisimizi, ulikuwa umezungushiwa penseli.

"Soma hapo."

Karani akasoma kwa kujivuta. "Mtafiti mkuu hana uhusiano wowote na kiwanda kinachotengeneza dawa hii. Haya, ubaya uko wapi?"

"Uongo mtupu! Kiwanda ni chake, yeye na wenzake wawili. Mtu atapimaje dawa yake mwenyewe halafu atuambie ni nzuri? Na wazazi watasaini tu, maana tunasoma juu juu, huku chini hatufiki."

"Wewe umejuaje?"

"Walikutana nyumbani kwake siku ya kukubaliana. Nilikuwa jikoni naosha vikombe. Nilisikia yote."

Karani akampima kwa macho, kuanzia mtandio mpaka kandambili. "Ahaa. Kumbe ulikuwa mfanyakazi wake."

"Nguo zake nimezifua miaka na miaka."

"Sasa kakufukuza, umekuja kumkomoa."

"Hajanifukuza. Nilimwambia arekebishe huo mstari, akacheka. Eti mimi niliyeishia shule ya msingi, mambo ya utafiti yananihusu nini!"

Viatu vikasikika kwenye korido. Daktari, mtafiti mkuu mwenyewe, alipita na koti lake jeupe, simu sikioni, wauguzi wawili wakimkimbilia nyuma. Mama aligeukia ukutani, akajifunika mtandio mpaka machoni. Hakuvuta pumzi mpaka mlango ulipojifunga.

"Unamwogopa kiasi hicho?" Sauti ya karani ililainika kidogo.

"Akiniangalia tu, nitashindwa."

Karani akajikuna shingo. "Sikiliza, mama. Nikiyapokea haya, utafiti unasimama leo leo. Na yeye, kama ni kweli, udaktari ndiyo basi tena. Ndiyo maana siwezi kumpokelea kila anayepita. Lazima awe mzazi, mwenye mtoto wake kwenye utafiti. Jirani hapana. Dobi hapana."

"Udaktari wote? Hata kuonywa kwanza?"

"Wote. Dawa ya watoto si mchezo."

Mama akalitazama lile duara la penseli. Akalowesha kidole kwa mate, kama anayetaka kulifuta. Kidole kikabaki hewani. Nje, kwenye benchi, mtoto wa mtu alikuwa akikohoa, kikohozi kile cha kukwaruza, hakikomi.

"Mimi ni mzazi," alisema.

"Si ungesema tangu asubuhi, mama wewe! Umenichosha bure."

"Nilikuwa naomba atangulie mwingine."

Karani akatoa faili nene, akalifungua kwenye orodha ya watoto, arobaini kwa jumla, akaligeuza lielekee upande wa mama na kuinua kioo. "Haya, nionyeshe mwanao."

Mama hakuiangalia orodha. Alifunua kurasa kurudi nyuma, moja moja, mpaka ule wa kwanza, wenye jina moja tu na saini ya mbwembwe chini yake. Akaweka kidole juu ya jina la mtafiti mkuu.

"Huyu hapa," alisema. "Andika."