Watu wa Huba

Hedwiga aliteremka milima yote ile kwenda kuuliza kama Mjerumani mmoja, aliyeondoka nchini kabla mama yake hajazaliwa, aliwahi kupata mtoto.

Gari lilitoka Mbinga alfajiri. Baada ya kijiji cha Ruanda barabara ikawa mashimo matupu, na kila lilipoyumba goti lake lilimkumbusha umri. Rozari ilikuwa mkononi. Alikwisha kuimaliza, akaianza tena, mpaka maneno yakawa yanatoka yenyewe kama pumzi. Aliomba jambo moja tu: jibu liwe hapana.

Mwanawe Pankras alikuwa amevunjiwa uchumba mara moja, akakaa miaka bila kutaja mwanamke. Kisha akakutana na Jacqueline, mwalimu wa chekechea wa Lituhi, kando ya ziwa, akaanza tena kucheka mezani. Posa ikapelekwa, ikapokelewa. Ndipo shemeji yake Hedwiga, mzee Placidi, msemaji wa ukoo, aliposimama kikaoni.

"Binti anaitwa Jacqueline Meshack Huba," alisema. "Na sisi ni kina Huba. Wa mlimani, wa ziwani, mzungu Huba ni yule yule aliyelima kahawa hapa zamani za Wajerumani. Mtu na dada yake hawaoani."

"Shemeji, una hakika sisi tumetoka kwake?"

"Pua hii unadhani niliiokota shambani?"

Hakuna aliyecheka. Miaka yote ukoo ule ulijivunia Huba. Alitajwa harusini, alitajwa msibani, na kila mtoto aliyezaliwa mweupe kidogo alihesabiwa kuwa wake. Sasa jina hilo hilo lilikuja kumnyang'anya Pankras mke. Kikao kikaamua mtu ashuke ziwani akamuulize mkubwa wa upande wa pili. Wakiwa damu moja, posa imekufa. Placidi alisema mgongo unamsumbua. Akaenda mama wa kijana.

Mkubwa wa upande wa pili alikuwa Bibi Tadea, shangazi yake Meshack, baba wa Jacqueline. Hedwiga alimkuta uani kwake Lituhi, ameketi mkekani karibu na chanja la kuanikia usipa, dagaa wa ziwani, akifukuza kuku kwa fimbo bila kuinuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe. Kaa. Umechoka mpaka sauti."

Hedwiga alikaa. Akaeleza yote, polepole, akiona aibu kumuuliza mwanamke wa umri ule mambo ya chumbani kwa mzungu. Bibi Tadea alisikiliza huku amefumba macho, mpaka Hedwiga akadhani amesinzia.

"Huba hakuzaa," alisema ghafla.

"Hakuzaa?"

"Hakuwa na mke, hakuwa na hawara. Alikuwa na mbwa. Watoto wa watu hakutaka hata wapite karibu na nyumba yake. Baba yangu alimfanyia kazi, mimi nilisikia kwa kinywa chake."

"Sasa hili jina, mama?"

"Asubuhi nyapara alipiga kengele, akaita, 'Watu wa Huba!' Vibarua wote wakaitika. Wakienda sokoni, watu wa Huba wamekuja. Wakienda kubatizwa, padri anauliza ninyi watu wa nani, wanasema watu wa Huba. Likaganda. Tulikuwa watu wake kama majembe yalivyokuwa majembe yake. Ninyi mkasikia 'watu wa Huba', mkadhani ni watoto."

"Na pua ya shemeji yangu Placidi?"

"Pua hata mbuzi anayo."

Hedwiga alicheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la kitenge, kisha hakuweza kuacha kujifuta. Uchovu wa safari na wa majuma yale yote ulimshuka mabegani kama mzigo wa kuni unaofunguliwa kamba. Alimpigia mwanawe simu.

"Pankras, mzungu hakuzaa. Jacqueline si ndugu yako. Mwambie baba yako mdogo Placidi aitishe kikao, tupange siku."

Pankras alisikika akivuta kamasi, mtu mzima yule, kisha simu ikakatika.

Jacqueline alileta maji ya kunawa, akapiga goti, akamnawisha bila kuinua uso. Alikuwa amesikia kila kitu kutoka jikoni, na kwa furaha alimimina mpaka maji yakamwagikia mkeka. Kisha akaenda kupakua ugali.

"Sali wewe, mkwe," Bibi Tadea alisema. "Na tusimtaje tena huyo mzungu. Tuwaombee wetu waliochapwa kiboko kule juu. Wengine walifia huko, wengine walitoroka, kama baba yangu, aliyemwacha kaka yake huko. Taja kwanza wa kwenu."

Hedwiga alipiga ishara ya msalaba, akainamisha kichwa. Hii ilikuwa sala nyepesi kuliko zote za siku ile.

"Bwana, uwape raha ya milele wazee wetu. Clemence, mume wangu."

"Apumzike kwa amani," Bibi Tadea aliitikia.

"Bernadi, baba yake."

"Apumzike kwa amani."

"Na Kumburu, baba yake Bernadi, aliyekufa akimwita mdogo wake aliyetoroka kwa Huba, wasionane tena."

Hapakuwa na kiitikio. Hedwiga alisubiri, kisha akafumbua macho. Bibi Tadea alikuwa ameiweka fimbo chini na anamtazama kana kwamba ndiyo kwanza anaingia uani.

Jacqueline alitokea mlangoni na sahani ya ugali, anatabasamu.

"Tua hiyo sahani, mwanangu," Bibi Tadea alimwambia. "Njoo umwamkie mama yako mkubwa."