Uchungu wa Nakiete

Siku hizi mzazi anaruhusiwa kumbebea mwanawe maumivu. Wote wawili wanavaa bangili zenye taa inayowaka maadamu uchungu unahama; mtoto anabaki na ugonjwa wake akitibiwa, na uchungu wote unahamia kwa mzazi.

Bi Shani wa Pangani alimbebea binti yake Nakiete, ambaye ni rubani, aliyevimba mrija unaoshusha mkojo kutoka figo ya kushoto. Uchungu wa mrija huo unamkunja mtu mzima akalia. Bi Shani hakujikunja. Alikaa barazani kifua mbele, akichambua mchele, na hakuna jirani aliyepita bila kuelezwa.

“Mwanangu yuko angani na watu mia mbili, hasikii hata mchonyoto. Ninayesikia ni mimi.”

Bi Tatu wa nyumba ya pili, aliyembebea mwanawe jino tu, aliona haya.

Wiki ya sita homa ilimpanda Bi Shani na mkojo ukawa mwekundu. Hospitali hakwenda. Akatibiwe ugonjwa wa mtu mwingine?

Jioni Nakiete akapiga simu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Kiuno kinaendeleaje?”

“Mbona nilishapona, mama! Bangili niliivua mwezi uliopita.”

Bi Shani akapandisha mkono wa gauni. Taa ya bangili yake ilikuwa imezimika. Ubavu wa kushoto ulikuwa unawaka moto vilevile.

Bi Tatu akachungulia dirishani. “Dada, bado unambebea?”

Bi Shani akanyoosha mgongo, jasho likimtiririka, akaushusha mkono wa gauni.

“Bado,” akasema. “Kwani ana mama mwingine?”